Vita vya Ukraine vyapimwa Kinakomba kwa bei ya unga na roho za vijana

VITA vya Urusi na Ukraine vilipozuka Februari 24, 2022, wakazi wa Kinakomba, katika eneobunge la Galole, Kaunti ya Tana River, walikuwa tayari wakipambana na adui mwingine: ukame.

Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ametangaza ukame kuwa janga la kitaifa tangu Septemba 2021. Kufikia mwishoni mwa 2022, zaidi ya Wakenya milioni nne katika kaunti 23 kame walihitaji msaada wa chakula, na Tana River ilikuwa miongoni mwa kaunti hizo.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kujua maoni ya umma kuhusu mkondo wa vita hivyo hatapata jibu la maana akiwauliza watu wa kando ya Mto Tana iwapo wanaunga mkono Moscow au Kyiv. Swali linalostahili kuulizwa ni jingine: vita hivi vimewagharimu nini?

Katika muda wote wa vita hivyo, jibu la swali hilo limebadilika mara tatu. Kwanza lilihusu mipaka, kisha likahusu bei ya bidhaa, na sasa linahusu roho za vijana. Viongozi wasiotambua mabadiliko hayo wataendelea kuzungumza na wananchi kuhusu vita ambavyo si vile wananchi wanavyovijua.

Tuanze na mipaka. Siku chache kabla ya majeshi ya Urusi kuvuka na kuingia Ukraine, Balozi wa Kenya katika Umoja wa Mataifa, Bw Martin Kimani, alilihutubia Baraza la Usalama jijini New York. Alikumbusha kwamba mipaka ya mataifa ya Afrika ilichorwa katika miji ya mbali ya wakoloni bila kujali jamii zilizotenganishwa. Hata hivyo, alisema, Waafrika waliamua kuikubali jinsi walivyoirithi badala ya kumwaga damu wakitafuta mataifa ya kabila moja moja.

Hotuba hiyo ilisifiwa kote duniani. Mnamo Machi 2, 2022, Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 141 zilizopiga kura katika Baraza Kuu kuitaka Urusi iondoe majeshi yake. Nchi tano zilipinga na 35 hazikuegemea upande wowote. Miongoni mwa hizo 35 zilikuwemo jirani zetu Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini.

Kwa mkazi wa Tana River, hoja ya Bw Kimani haikuwa ngeni. Kaunti hiyo imekuwa na mzozo wa muda mrefu na Garissa kuhusu iwapo mpaka ni mto wenyewe au uko maili kadhaa mashariki ya mto. Ni kaunti inayojua pia kinachotokea majirani wanapoamua kutatua kwa silaha mzozo wa ardhi, malisho na maji.

Mnamo Agosti 22, 2012, zaidi ya watu 50 waliuawa katika kijiji cha Riketa, sehemu za Delta. Yakafuata mauaji ya Chamwanamuma na Kilelengwani mwezi uliofuata, ambapo hata maafisa wa polisi hawakusazwa, na yale ya Kipao mnamo Desemba mwaka uo huo. Wapokomo, ambao wengi ni wakulima, na Waorma, ambao wengi ni wafugaji, walizika watoto, akina mama na wazee.

Je, nani alishinda vita vile? Hakuna. Mto ulibaki pale ulipokuwa, mkulima aliendelea kuhitaji maji yale yale anayohitaji mfugaji, na ikabidi wazee wa Gasa wa upande wa Wapokomo na wenzao wa Matadeda wa upande wa Waorma waketi tena kuzungumza.

Mtu aliyepitia hayo hana budi kuvitazama vita vya Ukraine kwa jicho tofauti na la mchambuzi anayehesabu kilomita kwenye ramani. Urusi iliondoka viungani mwa Kyiv katika majira ya kuchipua ya 2022. Ukraine ikakomboa jiji la Kherson mwezi Novemba. Bakhmut ikaanguka mikononi mwa Urusi Mei 2023 baada ya kugeuzwa magofu, na Avdiivka ikafuata Februari 2024. Kwa mpigaji ramani, hizo ni hatua za mbele na nyuma. Kwa aliyeiona Kilelengwani ikiteketea, hayo ni makaburi.

Kipimo cha pili kilikuwa bei. Kenya huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka ng'ambo, na kabla ya vita Urusi na Ukraine zilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa. Urusi pia ni mmoja wa wauzaji wakuu wa mbolea na mafuta duniani. Bandari za Bahari Nyeusi zilipofungwa, athari zilisafiri hadi Mombasa, na kutoka Mombasa zikapanda malori hadi Garsen, Hola na vijiji vya Kinakomba.

Mwezi ambao vita vilianza, lita ya petroli jijini Nairobi iliuzwa Sh129. Kufikia Septemba 2023 ilikuwa imevuka Sh211. Pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ilipita Sh200 katikati ya 2022, hadi serikali ikalazimika kutoa ruzuku ili iuzwe Sh100 wiki chache kabla ya Uchaguzi Mkuu wa Agosti 9. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ulipita Sh6,000 kabla ya serikali ya Rais William Ruto kuushusha kwa ruzuku hadi Sh3,500 mnamo Septemba 2022.

Haki itendeke: si kila shilingi iliyoongezeka ililetwa na vita. Ukame uliua mazao na mifugo. Shilingi ilidhoofika dhidi ya dola. Serikali iliondoa ruzuku ya petroli Septemba 2022, na katikati ya 2023 ikaongeza maradufu ushuru wa VAT kwa mafuta, kutoka asilimia 8 hadi 16. Vita vimetumiwa mara nyingi na wanasiasa kama kichaka cha kujifichia, na mwananchi ana haki ya kukifyeka kichaka hicho.

Hata hivyo, mkulima anayenyunyizia mashamba maji kwa pampu ya dizeli, mwenye maembe anayetegemea lori kuyafikisha sokoni na mfugaji anayeuza mbuzi ili anunue unga, wote waliguswa. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Na nyasi za Tana River zilikuwa zimekauka tayari.

Ni katika kipindi hicho ambapo maoni ya umma barani Afrika yalianza kugawanyika waziwazi. Urusi ilitumia fursa hiyo. Mnamo Mei 2023, Waziri wake wa Mambo ya Nje, Bw Sergey Lavrov, alizuru Nairobi, na mwezi uo huo Kenya ikapokea takribani tani 34,000 za mbolea ya msaada kutoka nchi hiyo. Miezi miwili baadaye, Julai 17, Urusi ilijiondoa katika mkataba ulioruhusu nafaka za Ukraine kupita Bahari Nyeusi. Katibu katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya, Bw Korir Sing'oei, alikilinganisha kitendo hicho na kudungwa kisu mgongoni.

Wako wanaoitetea Urusi kwa kukumbuka msaada wa Muungano wa Kisovieti kwa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Wako pia waliokasirishwa na namna wanafunzi Waafrika walivyozuiwa mipakani walipokuwa wakikimbia kutoka Ukraine, na wanaouliza kwa nini mataifa ya Magharibi hulia kwa sauti kubwa kwa ajili ya Kyiv kuliko kwa ajili ya Gaza au Sudan. Kwa upande mwingine, Kenya imeendelea kusogea karibu na Washington, iliyoitangaza mshirika wake mkuu asiye mwanachama wa NATO mnamo Juni 2024.

Malalamiko hayo yana uzito. Lakini hayafuti ukweli kwamba nchi moja ilivamia jirani yake. Na hata dunia yenyewe imechoka: azimio kuhusu Ukraine lililopata kura 141 mwaka 2022 na tena 141 mwaka 2023, lilipata 93 pekee Februari 24, 2025, wakati Marekani yenyewe ilipopiga kura ya kulipinga.

Sasa tufike kwenye kipimo cha tatu, ambacho ndicho kichungu zaidi.

Mnamo Septemba 2025, polisi waliwaokoa zaidi ya watu 20 kutoka nyumba moja eneo la Athi River, waliokuwa wakisubiri kusafirishwa hadi Urusi. Novemba mwaka huo, Mkuu wa Mawaziri Musalia Mudavadi alisema zaidi ya Wakenya 200 huenda walikuwa wameingizwa katika jeshi la Urusi. Mwezi uo huo, Ukraine ilisema zaidi ya raia 1,400 kutoka nchi 36 za Afrika walikuwa wakipigana upande wa Urusi. Februari 2026, Bunge la Taifa likaelezwa, kwa kunukuu ripoti ya Idara ya Ujasusi, kwamba Wakenya waliosajiliwa walipita 1,000.

Wengi waliahidiwa kazi za kawaida: udereva, ulinzi, ufundi wa umeme. Waliahidiwa malaki ya shilingi. Walipofika, waliwekewa mbele karatasi za lugha wasiyoijua, wakatia sahihi, wakapewa bunduki baada ya mafunzo ya muda mfupi.

Pwani imewahi kuyaona haya. Mwaka 1914, Wagiriama waliwakatalia Waingereza vijana wao waliotakiwa kuwa wapagazi wa vita, na Mekatilili wa Menza akakamatwa na kuhamishwa mbali na kwao. Katika Vita vya Pili vya Dunia, askari kutoka Afrika Mashariki walipelekwa hadi misitu ya Burma. Tofauti ni kwamba wakati ule mkoloni alikuja na amri. Leo wakala anakuja na simu, tabasamu na tikiti ya ndege.

Hapa ndipo Kinakomba inapohusika moja kwa moja. Kijana aliyepoteza mifugo kwa ukame wa 2022, kisha shamba likasombwa na mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya Aprili na Mei 2024, haulizi vita vinaelekea wapi. Anauliza kazi iko wapi. Wakala anaijua njaa hiyo kuliko anavyoijua ramani ya Donetsk.

Kwa hivyo kazi ya viongozi ni wazi. Machifu na manaibu wao wana mabaraza. Suala hili liwe ajenda humo, kwa Kipokomo, Kiorma na Kiswahili, si katika taarifa za Kiingereza zinazosomwa Nairobi pekee. Kila anayepewa kazi ng'ambo aelekezwe kuthibitisha kwamba wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Wazee wa Gasa na Matadeda, maimamu na wachungaji, ambao walisaidia kuzima moto wa 2012, nao wana sauti inayosikika nyumbani kuliko ya waziri.

Serikali nayo ina deni. Ilisimama mbele ya dunia mwaka 2022 na kutetea mipaka ya Ukraine kwa maneno yaliyokumbukwa. Ni haki isimame kwa ujasiri uo huo mbele ya Moscow kuwatetea raia wake, izieleze familia ni nani yuko hai na nani ameaga dunia, na iwashtaki mawakala humu nchini bila kujali wanajuana na nani.

Mwishoni mwa Januari 2023, mwili wa Mtanzania mmoja aliyetolewa gerezani Urusi na kupelekwa vitani ulirejeshwa nyumbani kuzikwa. Familia yake angalau ilipata kaburi la kulilia. Zipo familia za Wakenya ambazo hazijapata hata hilo.

Vita hivyo vikimalizika, Moscow na Kyiv zitagawana lawama na ramani. Kando ya Mto Tana, hesabu itakuwa fupi zaidi: ni nani aliyeondoka, na ni nani aliyerudi.