Baada ya Fungate, Twendeni Lushoto



Kila msimu wa harusi maswali tunayoletewa ni yale yale: ukumbi gani, sare rangi gani, keki ngazi ngapi. Wanaouliza waende wapi baada ya harusi ni wachache, nao hutaja Dubai au Istanbul. Asiyekuwa na uwezo huo hubaki nyumbani, wageni wakiingia na kutoka, na wiki mbili baadaye mume amesharudi kazini. Wawili hawa hawajapata siku moja ya kuzungumza bila ya mtu kupiga hodi.

Rai yetu ni hii: punguzeni kwenye ukumbi, mwende Lushoto.

Tufahamiane. Fungate hatuipingi. Siku saba za biharusi na somo wake zina mafunzo yake, na bibi zetu hawakuziweka bure. Safari tunayoisema ni ya baada ya siku hizo.

Mtatuuliza, milima ya nini na sisi bahari tunayo mlangoni? Bahari tumeizoea, na hoteli nyingi za ufukweni zimepangwa kwa mgeni anayetaka kuota jua. Mwanamke mwenye stara yake hukaa pale roho juu. Lushoto ipo mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai inamvisha kila mtu sweta. Baibui halimshangazi mtu, kwani Wasambaa wengi ni Waislamu. Adhana mtaisikia, na chakula cha halali hakina tabu kupatikana.

Njia si ngumu. Mnavuka kwa boti hadi Dar es Salaam, mnapanda basi la kupitia Segera na Korogwe hadi Mombo, kisha mnapanda mlima kwa barabara ya kona kona kupitia Soni. Anayechafukwa na moyo garini achukue ndimu na tangawizi. Msiende wakati wa masika, njia huteleza.

Mkifika, Irente mnakwenda hata kwa miguu kutoka mjini. Mnasimama ukingoni mwa jabali, na tambarare ya Mazinde ipo chini yenu karibu mita 1,000. Siku ya pili nendeni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba, msitu wa zaidi ya hekta 9,000 wenye mbega, vinyonga na miti mirefu yenye kuvu na ndevu za ukungu. Hifadhi hizi zinasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Lipeni kiingilio, mchukue mwongozaji, msiingie peke yenu. Mwenye siku za ziada ashuke Usambara ya mashariki, kwenye Hifadhi ya Amani iliyoanzishwa 1997. Milima hii ndiyo iliyoipa dunia ua la Saintpaulia, linalopandwa leo kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani. Lilipewa jina hilo 1893, kwa heshima ya Mjerumani aliyekuwa akitawala Tanga. Mkiliona, litazameni tu, msiling'oe.

Wapo mama zetu watakaosema, mwanamke na msitu wapi na wapi? Tunawajibu kwa adabu. Katika Surat Al-Ghaashiyah tunahimizwa kuitazama milima namna ilivyosimamishwa, na wito ule haukuwahusu wanaume peke yao. Biharusi anakwenda na mumewe, kwa stara, na Sala zake hazipotei. Dini imetupa ruhusa ya kupunguza Sala za rakaa nne kuwa mbili safarini. Wanawake wa Usambara wenyewe wanapanda milima ile kila siku na mizigo ya kabichi, karoti na mapeasi. Sisi tutashindwa na mikono mitupu?

Linalotuuma zaidi ni deni. Ndoa ngapi tunazijua zilizoanza na mkopo wa ukumbi na wa mpiga picha, na ugomvi wa kwanza ukawa wa kulipa? Wageni wakishakula hawakumbuki hata rangi ya mapazia. Siku nne za mlimani, kwenye nyumba ya wageni ya kawaida, hazihitaji mkopo. Mtajuana huko: nani ana subira njia ikiwa ndefu, nani akichoka hununa, nani humpa mwenzake sweta. Hayo ukumbini hayaonekani.

Basi mama wa biharusi, na wewe mama mkwe, ombi letu kwenu: mkikaa kupanga harusi, wekeni fungu la safari kabla ya fungu la mapambo. Na nyinyi maharusi, picha za huko zibaki kwenye simu zenu. Si kila kizuri kinahitaji watazamaji.

Allah awajaalie maharusi wetu mapenzi, rehema na utulivu. Amin.