Samaki Naye Anastahili Daktari

Ng'ombe akiugua hapa Rwanda, daktari wa mifugo huitwa mapema. Tangu mpango wa Girinka uanze mwaka 2006, hata familia maskini zimezoea kwamba ng'ombe hatibiwi kwa kubahatisha. Samaki je? Koi wa bustanini au sato wa bwawani akianza kuelea upande, mwenyewe hukimbilia dukani, hununua tetrasaiklini, huimwaga majini, kisha husubiri. Mimi napinga desturi hiyo.

Kwanza, mara nyingi mgonjwa ni maji. Bwawa dogo lenye samaki wengi hujaa kinyesi na mabaki ya chakula. Humo hutoka amonia inayounguza matamvua. Dawa haiondoi amonia. Tena inaweza kuua bakteria wema wanaoipunguza, na hali ikazidi kuwa mbaya. Mfugaji mwangalifu hupima maji kwanza, hupunguza chakula, hubadilisha sehemu ya maji kwa maji yasiyo na klorini, na humtenga mgonjwa.

Pili, viuavijasumu haviui virusi. Herpesi ya koi haina tiba, nayo huweza kuangamiza samaki karibu wote bwawani. Virusi vya sato navyo vimekwisha kugunduliwa katika Ziwa Victoria, jirani yetu. Anayebahatisha dawa wiki nzima, huku akiuza au kugawa samaki wake, anasambaza maradhi.

Tatu, maji ya bwawa hayabaki bwawani. Yakifunguliwa hushuka mabondeni, kwenye mboga zetu, yakiwa na dawa inayowafundisha vimelea usugu. Hasara hiyo italipwa na wagonjwa hospitalini.

Najua nitaambiwa kwamba daktari ni ghali na kwamba wengi wao wanajua ng'ombe kuliko samaki. Hoja ya pili ni kweli, lakini inatudai tudai mafunzo zaidi, haituruhusu kubahatisha. Hoja ya kwanza inasahau kuhesabu bei ya bwawa lililokufa lote.

Kwa hiyo mpaka uwe wazi: samaki wakifa zaidi ya mmoja kwa siku, wakitoka vidonda, au wakiendelea kutweta juu ya maji hata baada ya maji kubadilishwa, mwite mtaalamu siku hiyo hiyo. Mpelekee vipimo vya maji na samaki aliyekufa karibuni, si aliyeoza. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Tofauti ni kwamba hapa anayekufa si yule aliyeficha.