Maji ya mtaroni si dawa ya gari linalochemsha

YEYOTE anayepita mara kwa mara mlima Kitonga, mkoani Iringa, hatakuwa mgeni wa picha hii: lori limesimama pembeni, mvuke unafuka kwenye injini, na utingo anateremka bondeni na dumu kutafuta maji.

Juu ya lori kuna vitunguu vilivyopakiwa Ruaha Mbuyuni. Mwenye mzigo anapiga simu kila baada ya nusu saa, kwa sababu anajua wenzake watamtangulia sokoni.

Kwa vitunguu, kulala njiani ni hasara ya bei. Kwa nyanya, maziwa au ndizi mbivu, ni hasara ya mzigo mzima.

Dumu linarudi, maji ya mtaroni yanamiminwa kwenye rejeta na safari inaendelea. Wengi huona kwamba tatizo limekwisha. Sisi tunasema hapo ndipo linapoanza.

Maji ya mito na ya visima vingi yana udongo na chumvichumvi. Yakipata moto ndani ya injini, chumvi hiyo huganda kwenye vijia vya maji, kama utando mweupe tunaouona ndani ya birika la chai. Wakati huohuo kutu hula chuma, na aluminiamu nayo huliwa. Vijia vikiziba, joto halitoki, gasketi inaungua na silinda hedi inapinda.

Mwenye gari ambaye aliona kidumu cha kulanti ni ghali, sasa anatafuta fedha za kufungua injini nzima. Mkulima na mfanyabiashara mdogo, ambao hawana sauti juu ya gari hilo, wameshalipa sehemu yao kwa mazao yaliyooza.

Wapo mafundi wanaowaambia wateja wao kwamba kulanti ni ya nchi zenye barafu, na sisi huku haituhusu. Hoja hiyo ni nusu ya ukweli.

Ni kweli kulanti huzuia maji yasigande kwa baridi. Lakini pia huyafanya yachelewe kuchemka, na ndani yake kuna dawa za kuzuia kutu na kulinda pampu ya maji. Hizo ndizo kazi tunazozihitaji huku kwetu.

Dar es Salaam, usawa wa bahari, maji ya kawaida yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi joto 100. Iringa mjini, penye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Kwa hiyo lori linapopanda mlima likiwa na mzigo, injini inafanya kazi zaidi huku maji yake yakiwa tayari kuchemka mapema.

Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi, chini ya mfuniko wa rejeta ulio mzima, huvuka nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Mfuniko huo una springi ya kushikilia presha. Anayeufunga kwa tambara kwa sababu umelegea ameipoteza kinga hiyo.

Katika kuchagua, tunashauri msomaji asidanganywe na rangi. Ipo kulanti ya kijani, nyekundu, ya waridi na ya bluu, lakini hakuna sheria inayowalazimisha watengenezaji wote watumie rangi moja kwa aina moja. Kinachotakiwa ni kusoma kitabu cha gari, kisha kusoma maandishi ya kwenye kidumu. Aina mbili zisizopatana zikichanganywa, dawa zake hudhoofika na huweza kufanya ute unaoziba rejeta.

Angalia pia kama umenunua kulanti iliyokwisha kuchanganywa au ile kali. Ya kwanza hutiwa ilivyo. Ile kali haifai kutiwa peke yake, kwa kuwa maji ndiyo yanayobeba joto vizuri zaidi. Changanya nusu kwa nusu. Kwa sehemu zetu za joto, isipungue sehemu moja ya kulanti kwa sehemu mbili za maji. Maji bora ni yale yaliyosafishwa yasiyo na chumvi. Yasipopatikana, maji ya mvua yaliyokingwa kwa chombo safi ni afadhali kuliko ya mtaroni.

Kulanti nayo huchoka. Aina za zamani hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi. Zile za muda mrefu huweza kufika miaka mitano, kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Aliyenunua gari lililotumika, asiyejua lilitiwa nini, asafishe mfumo wote na kuanza upya.

Ukaguzi hauna gharama. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, tazama kichupa cha akiba: maji yawe kati ya alama ya juu na ya chini. Yakiwa na rangi ya kutu, yamwage na kusafisha mfumo. Yakionekana na mafuta, mwite fundi siku hiyohiyo, maana huenda gasketi imeanza kupitisha. Yakipungua kila siku, usiridhike kuongeza tu, tafuta yanakovujia.

Wenye matrekta wakumbuke kwamba makapi, mbegu za majani na vumbi la shambani huziba rejeta kwa nje. Ioshe kwa maji yasiyo na nguvu kubwa, ukisukuma taka kutoka upande wa injini kwenda nje.

Na mtindo wa kung'oa tamostati kwa madai kwamba nchi yetu ni ya joto uachwe. Injini isiyofikia joto lake hula mafuta zaidi na kuchakaa haraka, na baadhi ya injini huchemsha zaidi ikiondolewa.

Gari likichemsha njiani, simama na uzime injini. Usifungue mfuniko ungali wa moto. Mvuke wake huunguza uso na mikono. Usimimine maji baridi kwenye injini inayotokota, kwani huweza kuipasua. Kusubiri kunachosha, lakini ni nafuu kuliko kununua injini.

Kulanti nyingi ni sumu, na ladha yake ni tamu. Isihifadhiwe kwenye chupa za soda, wala isimwagwe mahali wanapocheza watoto au wanapokunywa mifugo.

Wenye magari ya mizigo tunawaambia hivi: fedha ya kulanti ihesabiwe kama fedha ya dizeli na matairi. Dereva asiyepewa fedha hiyo atachota mtaroni, na lawama si yake peke yake.

Wauza vipuri tunawakumbusha kwamba kuuza maji yaliyotiwa rangi kwa jina la kulanti ni wizi. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na Tume ya Ushindani wanapokagua bidhaa madukani, wasikisahau kidumu hiki kidogo, kwa kuwa nyuma yake kuna jasho la wengi.

Nawe mkulima au mfanyabiashara unayekodi lori, kabla ya kupakia, omba dereva akuonyeshe kichupa cha maji ya rejeta. Ukiona maji ya tope, tafuta lori lingine. Mzigo ni wako, na ukioza njiani hakuna atakayekurudishia msimu wako.