Mpiganaji Aliporudi Ukweni

KAULI YA ALHAMISI
Na Zuhura Mkamba

Mei 2024, Fatuma Ahmed alipoteuliwa kuongoza Jeshi la Wanahewa la Kenya, vigelegele vilipigwa na mimi nilipiga changu. Ila mwanamke akipandishwa cheo jeshini, wengi hutazama mabega yake na kuhesabu nyota. Mimi hutazama sheria za ndoa. Huko ndiko serikali inakosema ukweli kuhusu inavyomwona mwanamke aliyevaa gwanda.

Desemba 1941 Uingereza ilipungukiwa na wanaume, Bunge likapitisha sheria ya kuwaita wanawake kwa lazima. Walioitwa ni wasioolewa na wajane wasio na watoto, wenye umri wa miaka 20 hadi 30. Aliyeolewa aliachwa, nadhani kwa kuwa alikwisha kuwa na kamanda wake nyumbani. Kwenye mizinga ya kudungua ndege, wasichana hao walipima kimo na mwendo wa ndege za Wajerumani. Kufyatua mzinga wenyewe walikatazwa. Kumpigia adui hesabu ruksa, kumuua mwiko.

Eritrea ilithubutu zaidi. Vita vya kujitenga na Ethiopia vilianza 1961, na katika miaka ya 1970 chama cha ukombozi cha EPLF kikaanza kuwapa wasichana mafunzo ya kijeshi. Asmara ilipokombolewa Mei 1991, karibu theluthi moja ya wapiganaji wa chama hicho walikuwa wanawake. Walikuwemo makanika, madereva, wauguzi wa hospitali zilizofichwa milimani Sahel, na walioshika bunduki mahandakini Nakfa. Walivaa kaptura na viatu vya plastiki, nywele wamezikata.

Mwanzoni mapenzi yalikatazwa kambini. Makatazo ya namna hiyo hayajawahi kufua dafu popote, na mwaka 1977 chama kikaandika sheria yake ya ndoa. Ilitaka wawili wapendane kwa hiari yao, ikafuta mahari, ndoa za utotoni na uke wenza. Anayetaka kuoa au kuolewa aliomba kwa viongozi wa kikosi. Hapakuwa na mshenga wala mjomba wa kuketi mkekani kupanga bei. Wakristo wa nyanda za juu walioana na Waislamu wa nyanda za chini, jambo ambalo wazazi wao wasingelisikia kwa utulivu. Mara nyingi mume na mke walipangwa vikosi tofauti, wakaonana kwa nadra, na watoto wakalelewa na chama nyuma ya mstari wa vita.

Kisha ikaja amani, na amani ina mama mkwe. Wanaume waliooa mahandakini walirudi kwao, na huko ukoo ulitaka mke mwenye nywele ndefu, anayejua kukaanga na kuandaa kahawa mbele ya wageni, na ambaye hajachelewa kuzaa. Ndoa nyingi zilivunjika. Waume kadhaa walioa wasichana wadogo ambao hawakuwahi kushika silaha.

Ni rahisi kuwalaumu hao kina mama wakwe. Mimi naona lawama iko kwingine. Kule Sahel hakuna aliyelipwa mshahara. Chakula kilitoka kwenye sufuria ya chama, na wanaume nao walipika. Mke hakumtegemea mume kwa unga wala kwa malezi ya mtoto, na ndiyo maana sheria ile ilishika. Sufuria ya pamoja ilipoondolewa, kila mmoja alirudi kula kwa mumewe, na mume ana masharti yake.

Mwaka 1995 Eritrea ikatunga sheria ya utumishi wa taifa kwa wavulana na wasichana. Kwenye karatasi ni miezi 18, lakini tangu vita vya mpaka na Ethiopia vya 1998 wengi wametumikishwa miaka nenda miaka rudi. Kuanzia 2003 mwaka wa mwisho wa sekondari unasomewa kwenye kambi ya kijeshi ya Sawa. Kwa kawaida walioolewa na wenye watoto huachwa, kwa hiyo wasichana wanaacha shule na kuolewa mapema ili wasiende. Huenda miongoni mwao wamo mabinti wa wale waliotoroka nyumbani kukimbia ndoa za kupangiwa, wakaenda kupigana.

Majeshi yetu ya Afrika Mashariki yanawapeleka wanawake Kongo na kwingineko kulinda amani. Kamati za ulinzi za mabunge yetu hupenda kuuliza idadi yao. Wakati wa bajeti ziulize na haya: mke akienda miezi kadhaa, mume aliye jeshini anapewa ruhusa ya kulea? Askari wawili waliooana wanapangwa kambi moja? Aliyejifungua anarudi kwenye foleni ile ile ya kupanda cheo, au anaanza mkiani? Majibu yaletwe kwa maandishi, maana ya mdomo tumeyasikia.