Hofu ya Vidonge vya Sonona Ipelekwe kwa Daktari

Wapo wagonjwa wengi wa sonona wanaotoka hospitalini na dawa wasizozimeza. Wengine huzimeza siku nne au tano, kisha boksi likasukumwa nyuma ya kabati. Wanaogopa kugeuzwa mazezeta, kunenepa, au kuwa watumwa wa vidonge maisha yao yote. Hofu hiyo isibezwe, maana dawa hizi zina maudhi ya kweli. Lakini isiachiwe kuamua peke yake usiku wa manane, wakati mgonjwa hana wa kumuuliza.

Kinachowaponza wengi ni kwamba maudhi hutangulia na nafuu hufuata. Anayeanza fluoksetini, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, anaweza kupata kichefuchefu, kuumwa kichwa, wasiwasi au kukosa usingizi katika siku za mwanzo. Mara nyingi hayo hupungua ndani ya wiki chache. Nafuu yenyewe huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, na huweza kuchukua wiki 6 au 8 kukamilika. Anayeacha siku ya tano amelipa bei yote akaondoka bila mzigo wake.

Halafu ipo ile karatasi nyembamba ndani ya boksi, yenye maandishi madogo na orodha ndefu ya kutisha. Katika karatasi nyingi, kinachoitwa cha kawaida sana humpata zaidi ya mtu 1 kati ya 10, na kilicho nadra sana humpata chini ya 1 kati ya 10,000. Msomaji aliyekwisha kuelemewa na huzuni huyaona yote yana uzito mmoja. Na hofu yenyewe huzaa dalili: uchambuzi wa majaribio 143 uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa hata waliopewa vidonge visivyo na dawa walilalamikia midomo mikavu na uchovu, tena zaidi pale dawa iliyokuwa ikijaribiwa ilipojulikana kwa maudhi hayo.

Hata hivyo, kumwambia mgonjwa "usiogope" tu ni kumtupa. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo zito, kwa sababu katika majaribio ya watoto na vijana, mawazo au vitendo vya kutaka kujiua vilionekana kwa takriban asilimia 4 ya waliotumia dawa, dhidi ya 2 ya wasioitumia. Hakuna aliyekufa kwa kujiua katika majaribio hayo, lakini jamaa wa kijana anayeanza dawa na wakae naye karibu wiki za mwanzo, wasimwachie peke yake jukumu la kujichunga. Amitriptilini, dawa kongwe inayotumika tangu mwaka 1961, huleta usingizi, kinywa kikavu na choo kigumu, na ikizidishwa hudhuru moyo. Na ifungiwe mbali na watoto.

Lipo jingine ambalo karibu kila mtu hulificha. Baadhi ya dawa hizi hupunguza hamu ya tendo la ndoa au huchelewesha kilele. Mume hunyamaza, mke akadhani amechokwa. Au mke hunyamaza, mume akaanza kushuku. Kumbe daktari angeweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa, laiti angeambiwa. Mgonjwa na aseme, hata kama daktari ni kijana wa umri wa mwanawe, na daktari naye aulize kwanza, maana ni rahisi zaidi kujibu kuliko kuanza.

Basi kabla ya kidonge cha kwanza mgonjwa aulize: nitarajie nini wiki hii, kipi kinirudishe hospitali upesi, na nikitaka kuacha nifanyeje? Ataje pia dawa zote anazotumia, ikiwemo tramadoli ya maumivu, kwa kuwa ikichanganywa na baadhi ya dawa za sonona inaweza kuleta hatari kubwa. Kukatiza ghafla huweza kuleta kizunguzungu na mishtuko kama ya umeme kichwani, hivyo dozi hupunguzwa kidogo kidogo kwa ratiba ya daktari. Madhara yakitokea, Tanzania ina fomu ya njano ya kuyaripoti kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mhudumu wa afya aijaze mgonjwa akiwa bado mbele yake.