Nguzo Ndani ya Mzizi: Saruji Haifidii Jino Lililokwisha

Mkazi wa Makole jijini Dodoma afikaye kliniki na jino lililovunjika hadi karibu na fizi huwa na swali moja: je, jino hili laweza kuokolewa? Kwa miaka mingi jibu katika vituo vingi vya umma nchini lilikuwa kung'oa. Sasa matibabu ya mzizi yamesogea karibu na wananchi, na pamoja nayo imekuja imani kwamba kisiki chochote chaweza kusimikiwa nguzo, kikabandikwa kwa saruji ya kisasa na kuvikwa kofia. Imani hiyo inastahili kupimwa, kwa maana gharama yake humwangukia mgonjwa.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mfereji wa mzizi ukishasafishwa na kujazwa, daktari huondoa sehemu ya ujazo huo, akiacha milimita 4 hadi 5 nchani ili bakteria wasipenye. Katika nafasi hiyo huingiza kijiti cha nyuzi za kioo, hukigandisha kwa saruji ya resini, kisha hujenga juu yake kiini cha kubeba kofia ya jino. Wengi hudhani kwamba kijiti huimarisha mzizi kama nondo ziimarishavyo zege. Sivyo. Kazi yake ni kushikilia kiini, na mara nyingi mzizi hupunguzwa unene ili kukipa nafasi.

Saruji ya resini hushika kwa kupenya katika dentini, yaani tishu ngumu inayofanya sehemu kubwa ya jino, na kugandia humo. Karibu na mdomo wa mfereji kazi hiyo ni nyepesi: mwanga wa taa ya kugandishia hufika, na vitundu vya dentini ni vingi. Kuelekea nchani mwanga hufifia, vitundu hupungua, na unyevu hauondoki kwa urahisi. Hipokloriti iliyotumika kuua bakteria huacha oksijeni inayozuia resini isigande sawasawa. Yujinoli, kiini cha mafuta ya karafuu kilichomo katika baadhi ya dawa za kujazia mzizi, huleta madhara kama hayo. Tena, resini husinyaa inapoganda. Ndani ya mfereji mwembamba imezungukwa na kuta kila upande, hivyo hujivuta na kujibandua.

Watengenezaji wameleta saruji zinazojishikisha zenyewe, bila asidi ya kutayarishia wala kimiminika cha kubandikia, na zinazoganda kwa kemikali hata mwanga usipofika. Haki yao itolewe: hatua zikipungua, nafasi za kukosea hupungua, na majaribio ya maabara yameonyesha kuwa saruji hizo zaweza kushika vyema vijiti vya nyuzi. Lakini maabarani jino lililong'olewa hukatwa vipande vyembamba, na kijiti husukumwa hadi kitoke. Hapo hapana mate, damu, wala mgonjwa aliyechoka kuachama. Namba iliyochapwa kwenye karatasi ya bidhaa si ahadi ya miaka kumi ya kutafuna mahindi ya kuchoma.

Kinachoamua zaidi ni jino lenyewe. Ukuta mzima uliobaki juu ya fizi, wenye kimo cha milimita 2 hivi kulizunguka jino, huipa kofia mahali pa kukumbatia, kama ukanda wa chuma ukazavyo pipa. Ukuta huo ukiwapo, nguvu ya kutafuna haiielemei saruji peke yake. Usipokuwapo, kila tafuno hutikisa kijiti hadi saruji iachie, au mzizi upasuke. Wajenzi wa tembe za Ugogo hawakuhitaji maabara kulijua hili: nguzo hubeba paa la udongo kwa kuwa imefukiwa katika ardhi iliyoshikamana, si kwa tope lililokandikwa kuizunguka.

Kwa hiyo uamuzi mgumu ufanywe kabla saruji haijafunguliwa. Daktari na apime ukuta uliobaki, na pale usipotosha amweleze mgonjwa waziwazi kwamba kung'oa na kuweka jino la bandia huenda kukamfaa kuliko nguzo ya muda mfupi. Pale unapotosha, kazi ifanywe bila kuruka hatua: jino litengwe na mate, mfereji usuuzwe na kukaushwa kwa vijiti vya karatasi, mabaki ya ujazo wa zamani yaondolewe, na saruji iingizwe kuanzia chini kwenda juu ili isifungie hewa. Masharti ya kuihifadhi nayo yazingatiwe. Saruji nyingi hutakiwa kukaa kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, ilhali mchana wa Novemba mjini Dodoma hupita kiwango hicho.

Hata hivyo, kazi yenye manufaa makubwa zaidi haihitaji nguzo kabisa. Tundu dogo likizibwa mapema katika ngazi ya kituo cha afya, kama kile cha Makole, mzizi hautaguswa. Na jino lililokwisha kuathirika ndani, likipewa rufaa mara moja badala ya vidonge vya maumivu pekee, hufika hospitali kubwa likiwa bado na kuta. Fedha za umma zinazotafutwa kwa ajili ya vifaa vya kisasa vya meno zianze na vifaa vya kuziba na watu wa kuvitumia. Saruji bora kupita zote huhitaji kitu cha kushika, na kitu hicho hupotea miezi mingi kabla mgonjwa hajaketi kwenye kiti cha daktari bingwa.