Binti wa Mtoni na Mfupa wa Ngamia
Kila nikipita kwenye magofu ya jumba la Mtoni, kaskazini kidogo ya mji wa Zanzibar, humwaza Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa humo mwaka 1844. Alikulia kwenye vito, farasi na watumishi chungu nzima. Baba alipofariki mwaka 1856, mtoto wa miaka 12 akapata urithi wake mwenyewe. Kalamu ndiyo aliyonyimwa. Mabinti walifundishwa kusoma Kurani tu, kuandika ilikuwa mwiko. Basi akachukua mfupa wa bega la ngamia, ubao wa wanafunzi wa enzi zile, akawa ananakili herufi za Kurani kwa siri, moja moja, kisha akamwagiza mtumwa mmoja aliyesoma amnyooshee mwandiko. Mfupa ule hunigusa kuliko dhahabu zake zote. Ndio uliozaa kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, yeye akiwa mjane mwenye watoto watatu, jina lake sasa Emily Ruete. Nazipenda mno, ila pana mahali huniuma: humo aliutetea utumwa. Waliomlea, waliompikia, waliochuma karafuu zilizolipia vito vile, walikuwa watu walionunuliwa. Simchukii, mtoto huikuta dunia imeshapakuliwa, akala. Lakini yeye aliujua uchungu wa kufichwa herufi, na nimetamani miaka mingi angejiuliza mwalimu wake yule, siku akiachiwa kalamu peke yake, angeandika nini.